Nimeua Kompyuta ya Zahanati, Kasimamishwa Mzee Mhoja

Mama Flora, nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujanihukumu. Mimi ni karani wa zahanati moja huku Bariadi, nina miaka ishirini na sita, na tunayo kompyuta moja ya mtumba inayotumia Linux, ule mfumo wa bure ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuubadilisha, nayo ndiyo inatunza orodha ya wagonjwa wa kifua kikuu na tarehe zao za dawa. Printa tuliyopewa ilikuwa haitambuliki, na mwalimu wangu wa kompyuta kule Mwanza aliwahi kunionyesha kwamba mtu anaweza kujitengenezea kiini cha mfumo, yaani ile sehemu inayoendesha mashine nzima na kutambua vifaa vyake, basi nikajiona nimeiva, Jumatatu nikakitengeneza kwa saa nne bila kumwambia mtu, nikakiweka juu ya kile cha zamani, nikawasha upya, mashine ikaandika mistari ya Kiingereza ikaganda pale pale. Sista Generoza, mkuu wetu, akaingia akauliza, "Imekuwaje?" Mdomo wangu ukasema, "Ni umeme wa jenereta, Sista." Mama, jenereta anaiwasha Mzee Mhoja, na siku hiyo hiyo akasimamishwa kazi. Alipokuwa anafunga mzigo arudi kwao Kimali aliniuliza, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, kweli mimi ndiye nimeiua?" Nikamsaidia kufunga kamba ya mzigo. Sasa wagonjwa wanakuja nawapangia tarehe kwa kukumbuka tu, na rafiki yangu Joyness anasema nifute kila kitu niweke mfumo upya, ushahidi uishe. Nifanyeje?

Karani, Bariadi

JIBU

Mwanangu, usifute kitu! Nimemuuliza Kristofa, fundi wa kompyuta hapa jirani. Anasema kilichoharibika ni kiini tu; orodha bado imo kwenye diski. Kama CD mliyowekea mfumo mwanzoni bado ipo, inaweza kuiwasha mashine, unakili orodha kwanza, halafu ndipo urudishe kiini kingine. Ukimsikiliza Joyness, hapo ndipo utakuwa umeipoteza kweli.

Kutaka kujua si kosa, na nakupongeza kwa kuthubutu. Lakini majaribio kwenye mashine ya wagonjwa, bila hata nakala? Huo ulikuwa uzembe. Na kukisia tarehe za dawa ya kifua kikuu ni hatari, acha leo hii. Kila mgonjwa ana kadi yake. Waite, chukueni tarehe humo, andika kwenye daftari.

Kwa Sista nenda kabla hujaigusa hiyo CD. Ukisubiri mashine ipone utajiambia hakuna haja tena ya kusema, nami nakuona tangu huku. Mwambie, "Ni mimi, na nilidanganya." Huenda ukapoteza kazi; ndiyo, huenda. Mwombe amrudishe mzee wa watu.

Kisha panda gari wewe mwenyewe hadi Kimali, usitume mtu wala barua. Mwambie Mzee Mhoja mbele ya mkewe na majirani kwamba hakuharibu chochote, na usiondoke mpaka wote wamesikia.