Firigisi Ina Mwenyewe

Kwa Wekesa, kifungua mimba wangu,

Sisi hapa Riruta tuko salama. Tangu Pasaka hushiki simu zangu, ndiyo maana nimeandika.

Majirani hapa ploti wameshakuzoea. Ukisema unakuja Jumapili, mimi nachinja kuku na kutangaza kwamba mwanangu, mpishi mkubwa kule Westlands, anakuja kumwona mamake. Na sidanganyi, nani mwingine hapa ana mtoto anayewapikia mabalozi? Jioni ikifika hujaonekana, Mama Njeri anabisha na sahani yake mkononi. Siku ya Pasaka aliniuliza, "Mama Wekesa, huyu mtoto ataahidi tena lini? Nyama imepanda bei." Tukacheka, tukala. Lakini firigisi haikuguswa. Alijaribu kuichota, nikamwambia hiyo ina mwenyewe.

Dadako anasema wewe si mtu wa kutegemewa, na hakutaka nikuandikie. Yeye hakuwepo siku ile ya maonyesho ya kilimo pale Jamhuri. Ulikuwa darasa la nne. Nilikutuma maji, nikangoja mpaka ng'ombe wa mashindano wakarudishwa mazizini. Ukaja mikono mitupu, unatabasamu. Uliniambia umemsaidia mtoto aliyepotea kumtafuta mamake, halafu huyo mama akakuomba umbebee mzigo hadi barabarani. Maji yalikuwa yamekutoka kichwani kabisa. Nilikukaripia, lakini moyoni nilisema, huyu ni wangu.

Hujui kukataa, Wekesa. Mimi unaniambia ndiyo kwa sababu hupendi kusikia sauti yangu ikishuka. Halafu mkubwa wako anakuomba ubaki jikoni, naye unamwambia ndiyo. Wote tunakupenda, na mmoja wetu lazima alale akikungoja.

Ya Pasaka yameisha. Kinachonitisha ni huku kunyamaza. Nikipanda juu kuanika nguo naziona ghorofa za Westlands, na najua uko pale chini yake unanionea haya. Kweli, mimi?

Basi usiniahidi tena. Usiseme Jumapili, usiseme mwisho wa mwezi. Njoo tu, siku yoyote, hata mikono mitupu kama siku ile. Nimenunua jogoo. Nimemfunga hapa mlangoni, anawika anaudhi ploti nzima, na Mama Njeri kila akipita anamtazama sana. Nimemwambia asijisumbue kuleta sahani. Huyu hachinjwi mpaka nikuone umesimama hapa.

Mimi, mamako, ambaye bado anakutangaza,
Mama Wekesa