Bidonite ya Espoir

Benite, wali wa jana uko mu sufuria. ~~Umupikie kaka yako Espoir chai.~~ Apana, chai ya maji gani?

Asubuyi wamama wa kanisa walikuja kumuombea Espoir. Aliwaambia ana bidonite! Jina hilo nililitunga mi mwenyewe kwa kumucheka, sababu akisikia tu bido, madumu ya kuchotea maji, anagonjwa. Wao wakafikiri ni ugonjwa wa kweli. Wakamuwekea mikono, wakalia, naye akalia, wakamupa mandazi.

Kisha wakaniomba maji ya kunywa. Nyumba nzima, hata tone. Haya ilinishika, sikuinua macho.

Naenda kutafuta maji mpaka Buterere, na mugongo huu. Nimechoka, mutoto wangu. Nikichelewa musikae kuniombea. Mukuje munitue bido.

Mama yenu