Malori Yasiyo na Dereva, na Salamu Nilizowapa Madiwani

Missouri City, Texas

Mama Swabra, mke wangu,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, mgongo tu ndio unaolalamika. Wewe je, na mafua ya Swabra? Mama ameanza kula vizuri? Nakuandikia barua pepe badala ya kupiga simu kwa sababu ukiongea nami watoto huwa wamekuzunguka, na hili nataka ulisome peke yako. Najua vibali vyenu vya kuja huku vimetoka na unajiandaa kuacha kazi hospitalini. Soma kwanza.

Njia yangu ya Houston hadi Dallas, inayotulisha sote, sasa inapitiwa na malori yasiyo na dereva. Nimepishana nalo moja. Usukani unajizungusha, kiti kitupu. Na jiji moja huku likataka kuwapa wenye malori hayo kiwanja chake kando ya barabara kuu, tena liwafunze wazima moto jinsi ya kuyasimamisha kukitokea ajali. Kuyakataza hawawezi, sheria ya jimbo hairuhusu. Lakini hakuna aliyewalazimisha kuyatandikia jamvi!

Basi madereva tukaenda kwenye kikao cha madiwani, ambako kila mwananchi hupewa dakika chache za kusema. Wenzangu wakanichagua mimi, eti nina maneno mazuri. Nikavaa shati la Idi. Nikawasalimu, nikawauliza hali, nikawashukuru kwa kutupokea, nikawaombea heri wao na watu wa nyumbani kwao. Utamwombaje mtu jambo hujamjulia hali? Nilipofika "Sasa, waheshimiwa, kilichotuleta," kengele ikalia. Muda wangu umekwisha, asante, nikae.

Dereva mwenzangu Mkongo, anayeitwa Bahati, alishika kichwa, akachanganya Kifaransa na Kiswahili cha kwao. "Mais, ndugu yangu! Benye malori balisema maneno yabo, weye ulibapa salamu tu!"

Niliona aibu, na hasira pia. Kura zikapigwa, kiwanja kikatolewa.

Jana tajiri wangu akaniita. Naye ananunua malori hayo. Anataka nipande mojawapo, nikae mbele ya usukani bila kuushika, nilichunge mpaka lizoee njia. Nikamuuliza, likishazoea? Akasema hapo ndipo tutaona. Jibu analitaka Ijumaa. Yaani nilifundishe kazi yangu, kisha nishuke. Naogopa, mke wangu, sikufichi.

Nisalimie Mama, mwambie dua zake zinanifikia hata huku barabarani. Msalimie shemeji Athumani anayewapeleka watoto shule, na Bi Rukia jirani yetu, fundi wa cherehani.

Sasa nisikilize. Kama barua ya kuacha kazi hujaipeleka, usiipeleke. Nitamkatalia tajiri na nitafute pengine, hata ikichukua muda. Kama umeshaipeleka, niambie leo leo, usinifiche kwa kunihurumia. Hapo hatutakuwa na mshahara mwingine, basi Ijumaa nitapanda lile lori, nikae mikono mapajani, na nyinyi mje.

Mumeo anayesubiri neno lako,
Baba Swabra