Haikuniuliza Jina

Kilwa Kisiwani, 5 Februari 2023

Mwanangu Nusaiba,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, alhamdulillahi, wasiwasi wetu ni wewe na huo mji wa Dar. Kinachonisumbua ni macho tu. Daktari wa zahanati kasema ni presha ya macho, isipowahiwa jicho hufa, halirudi tena. Ndiyo maana mistari yangu inapanda na kushuka, usinicheke.

Ule ukurasa uliotengeneza wa kuandikisha wagonjwa, kwa wale madaktari wa macho watakaokuja Masoko, tumeujaza jana kwa simu ya jirani yetu Sada. Alianza yeye, akamaliza, akanipa mimi. Mwanangu, haikuniuliza hata jina! Umri na ugonjwa tu. Nikamwambia Sada, "Unaona? Mtoto wangu kishaiambia, inanijua." Nimeringa mpaka nikaona haya.

Barua nampa kijana wetu Idd, akisafiri kuja Dar atakuletea.

Mama yako,
Tawakali

Dar es Salaam, 12 Aprili 2023

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ramadhani karimu. Barua yako nimeipata leo, Idd alichelewa safari. Nimeisoma nimesimama, nikakaa chini.

Mama, kwenye simu uliniambia madaktari wamekutibu. Ni kweli? Maana nimefungua orodha. Nimemkuta Sada, mwenye umri wako na ugonjwa wako. Tawakali hakuna.

Nisikilize. Mtu akijaza jina, seva, ile kompyuta inayopokea majibu, inalishika hadi atoke. Niliiamuru hivyo ili wazee wasichoke kuandika jina kila ukurasa. Sada hakutoka, alikupa simu tu. Seva ikadhani wewe ni yeye, ikaandika majibu yako juu ya yake. Nilipoijaribu nilikuwa peke yangu na simu yangu. Nilisahau kwamba kwetu simu moja ni ya mtaa mzima. Mimi, niliyekulia hapo hapo!

Nimeweka kitufe cha "Mgonjwa mwingine". Kikibonyezwa, seva inasahau yote, inauliza jina upya. Lakini wewe je, mama? Nijibu, nakuomba.

Mwanao,
Nusaiba

Kilwa Kisiwani, 30 Aprili 2023

Mwanangu,

Marahaba. Hujambo? Anayeandika ni Sada, mimi nasema. Analia analowesha karatasi, nimemkanya hasikii.

Kweli nilikudanganya, unisamehe. Siku ya madaktari nilivuka kwenda Masoko na wenzangu. Sada akaitwa, akaingia. Mimi wakanitafuta, simo. Dada wa mlangoni akauliza, "Bibi, nani kakuandikisha?" Sada alitaka kusema, nikamfinya. Ningesema ni kazi ya mwanangu, wangekufukuza, na kazi yenyewe umeipata juzi. Nikajibu sijui. Nikakaa kwenye benchi mpaka wakafunga mlango, nikarudi nyumbani.

Jicho moja lilikuwa limekwisha kitambo. Hili la pili limekufa ndani ya Ramadhani. Wenzangu walipopiga kelele kwamba mwezi umeandama, na mimi nikainua uso, nikaitikia.

Usijilaumu ukaacha kula. Nimeumia, nisikufiche, nililia sana. Ila kosa la mtoto halina pa kwenda, linarudi kwa mama yake.

Njoo Idi ya kuchinja. Ila usiingie kimyakimya ukanifumba macho kwa nyuma kama ulivyozoea. Simama mlangoni, utaje jina lako. Na nikikuuliza, "Nani?", usilie, mwanangu. Nijibu tu.

Mama yako