Kiini cha Mashine ya Sweta

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiamini kwamba u mzima, na kwamba tanuri lako la mikate bado linakuamsha kabla ya jogoo. Wifi hajambo? Na wanangu je, yule mdogo ameshaacha kula unga mbichi? Sisi huku tunaendelea vizuri. Baba anakusalimu. Magoti yake ndiyo yanayomsumbua, hasa akipanda zile ngazi tatu za karakana, na macho nayo yamepungua nuru, ila mdomo haujapungua kitu. Jana amenigombeza kwa kukunja kitambaa vibaya, mimi mtu mzima wa miaka arobaini.

Utajiuliza kwa nini leo nimekuja na barua badala ya simu. Nimejaribu simu mara mbili mwezi huu. Mara zote mbili nimekuuliza habari za unga, tukacheka, nikakata kwa kisingizio cha mtandao. Karatasi haina mtandao wa kusingizia.

Habari kubwa ni kwamba Baba amekubali kufunga karakana. Ameshindwa kusimama siku nzima. Ile mashine ya kufumia sweta atampa mwalimu wa chuo cha ufundi, mama mmoja mcheshi mwenye sauti nene, ili wanafunzi wake waijifunzie. Mwalimu alikuja, akaizunguka, akasema anaitaka, lakini aione kwanza ikifuma. Hapo ndipo Baba aliponyanyua lile blanketi la kijivu lililokuwa limeifunika kompyuta inayoiendesha mashine tangu ulipoondoka. Miaka ishirini na miwili, kaka, na yeye akifuma kwa mkono! Vumbi lililotoka lilitufanya sote watatu tupige chafya.

Mwalimu alishauri tuitupe na tutafute kompyuta mpya. Baba akauliza hiyo mpya itaichomeka wapi kadi ya kufumia. Tukafungua tukatazama, na kweli, ile kadi ndefu ya kijani uliyoiita Jongoo haiingii kwenye kompyuta yoyote inayouzwa siku hizi. Baba akanigeukia akasema mimi si ndiye fundi wa kompyuta hospitalini, basi nichukue likizo. Nikachukua wiki moja.

Laiti ungeona nilivyokaa tena kwenye kile kibao changu cha kukalia. Kiti chako kipo, na ule mguu uliofungwa waya bado unayumba. Dirisha ni lilelile, linaloleta jua kwenye skrini saa nne asubuhi mpaka usione kitu, na ubao wa kukingia jua bado umeegemezwa ukutani pale ulipouacha. Harufu ya sufu na mafuta ya sindano ilinipiga, nikajikuta nina miaka kumi na minane, nimemaliza shule, nasubiri majibu, na wewe umekaa pembeni yangu umeweka penseli sikioni.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipika kiini? Nimejaribu kuwaeleza wenzangu kazini wakadhani natia chumvi. Kwao mfumo mzima wa kompyuta unakuja tayari, unabonyeza tu. Siku zile wewe ulikuwa unakitengeneza kile kiini, ule moyo wa mfumo unaoongea na vyuma, ukikipimia kompyuta yetu ile ile, maana kumbukumbu yake ilikuwa ndogo na kiini cha watu wote kilikuwa kikubwa mno kwake. Kompyuta ilikuwa inauliza maswali mia tatu na kitu, moja baada ya jingine, kwa Kiingereza. Una hiki? Una kile? Wewe unasoma, unanitafsiria, unaamua, na mimi naandika jibu kwenye daftari. Tiki ni ndiyo, msalaba ni hapana, na nukta ni kile kinachokaa kando mpaka kiitwe. Ukaniita Karani, na jina hilo Baba analitumia mpaka leo akitaka kunituma.

Nilijifunza mengi pale kuliko darasani. Uliniambia kiini ni kama msimamizi wa karakana, lazima akijue kila chombo kilichomo, na asihangaishwe na ambacho hakimo. Ndipo ukanipa ile sheria yetu: kisichokuwepo, hapana. Ikiuliza kama tuna mtandao, tunacheka, maana waya tuliokuwa nao ulikuwa mmoja tu, wa kwenda kwenye mashine ya sweta. Hapana. Sauti ilitutesa, kwa kuwa kadi ya sauti na Jongoo zote mbili zilitaka kumwita msimamizi kwa namba moja, namba tano, zikagombana, na sweta ya kwanza ikatoka na mkono mmoja mrefu kama wa mwizi. Ukaing'oa kadi ya sauti, kompyuta yetu ikawa bubu, Baba akasema afadhali, ndani ya nyumba hii waongeaji wanatosha.

Na usukani wa michezo je! Hatukuwa nao, hatukuwa na mchezo wenyewe, ila mimi nililia unipe ndiyo moja tu ya kwangu. Ukashindwa na uso wangu. Basi kiini chetu kikawa kinabeba usukani wa mchezo ambao haukuwahi kununuliwa, na wewe ukaandika pembeni kwamba huo ndio mshahara wa Karani.

Tukimaliza maswali, unaanza upishi wenyewe. Kuanzia chai ya asubuhi hadi alasiri kompyuta inakoroma, mistari inapanda kwenye skrini, na sisi hatuna la kufanya ila kusubiri. Miaka ya mwanzo marehemu Mama alikuwa bado na nguvu. Alikaa pale kwenye kigoda akichora michoro yake ya zigizaga kwenye karatasi za miraba, akiuliza kila baada ya nusu saa kama kimeiva. Hakuna siku nilizowahi kuwa na raha kama zile, kaka. Nasema bila kuona haya.

Kisha likaja lile lililotokea. Mama alikuwa ametutoka mwaka mzima umepita, na wewe ulikuwa unasafiri kwenda kwenye usaili wa kazi. Jumapili ulipika kiini kipya, na asubuhi yake mezani ukamwambia Baba kwa majivuno kwamba umekirekebisha, mashine sasa itakwenda kasi. Ukaondoka. Jumatano Baba akawasha ili aanze zile sweta za shule zilizokuwa zinangojewa, kompyuta ikaandika mstari mmoja na kuganda. Hakuelewa mstari wenyewe, alielewa tu kwamba wewe ndiye uliyeigusa mwisho. Uliporudi Ijumaa alikuwa ameshang'oa nyaya na kuweka blanketi. Ulisimama mlangoni na begi begani ukimwomba akuruhusu utazame kwanza, akakukatiza. Alisema umechezea kazi ya watu, na kwamba usiguse tena kitu chake. Nawe kwa ule uungwana wako ukasema huenda kweli umekosea, Jumapili ulikuwa na haraka. Siku ya pili yake ukaondoka na begi lilelile. Daftari ukanikabidhi mimi.

Ile kazi ya usaili waliyokupa uliikataa. Mwaka mmoja baadaye uliniambia kwamba mkono wako una mkosi na kompyuta, heri unga, unga ukiuharibu unatupa donge moja. Nilicheka ulipolisema hilo. Sikupaswa kucheka.

Sasa nirudi kwenye wiki hii. Siku ya kwanza nilisafisha, nikabadilisha nyaya mbili zilizotafunwa, nikawasha bila kugusa kitu ndani, nione tu kama diski inazunguka. Ilizunguka. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Ukatokea mstari uleule, kaka, kana kwamba ulikuwa umekaa unatungoja. Baba akaniuliza, kwa upole kabisa, hayo maneno yanasemaje. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumtafsiria.

Yanasema: hakuna kikokotozi, na hakuna cha kukiigiza, ninanyoosha mikono.

Kaka, nimejikaza kisabuni vya kutosha, sasa nitoe ya moyoni. Kiini kile hakikuwa chako. Kiini chako cha Jumapili kilikuwa kizima. Kilichoiua kompyuta nilikipika mimi Jumanne, Baba alipokwenda kuchukua nyuzi.

Nilitaka ukirudi ukute kompyuta inawaka haraka zaidi, ushangae, uniite fundi badala ya karani. Nikafungua daftari nikaanza kuyapitia maswali peke yangu, nikitafuta cha kupunguza. Nilianza na usukani wangu wa michezo, nikauwekea msalaba, nikajiona mkubwa. Kwenye ukurasa wa kumi na tisa nikakuta swali linalouliza kama kiini kiigize hesabu za kikokotozi, kwa kompyuta ambazo chipu zao hazina kipande hicho cha kupigia hesabu. Wewe uliweka tiki. Nikafikiri, lakini chipu yetu haina hicho kikokotozi, wewe mwenyewe uliniambia. Na sheria ni sheria, kisichokuwepo, hapana. Nikaona umepitiwa. Nikachukua kalamu nyekundu nikakusahihisha.

Sikujua kwamba kati ya maswali yote yale, hilo ndilo unaloliitikia ndiyo kwa sababu kitu chenyewe hakipo.

Diski ilikuwa imejaa, kwa hiyo kiini chako nikakifuta ili changu kipate nafasi, ingawa ulinikataza mara mia nisifute cha zamani kabla kipya hakijawaka. Flopi ya dharura, ile diski ndogo ambayo ingeweza kuiwasha kompyuta, ulikuwa umeibeba kwenda kuwaonyesha wa usaili. Nilipowasha na kuona ule mstari, nilizima, nikachana ukurasa wa kumi na tisa, nikauficha kwenye boksi la viatu. Jumatano nilimsikia Baba akilitaja jina lako kwa hasira, nikanyamaza. Ijumaa ulipokuwa mlangoni nilikuwa nimesimama nyuma ya kabati la nyuzi, nakuona, nakusikia ukijitwika kosa. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake ukaondoka. Baada ya hapo kila mwaka ulifanya jambo kuwa gumu zaidi, nami nikasomea kazi uliyoiacha, nikaajiriwa kwa elimu uliyonipa wewe juu ya kile kibao. Kila nikisifiwa kazini naona aibu. Nisamehe, kaka. Sina namna nyingine ya kulisema.

Ukurasa wenyewe nimeuweka ndani ya bahasha hii. Utaona tiki yako ya penseli na msalaba wangu juu yake. Mkono wako haukuwa na mkosi wowote.

Baba nilimwambia palepale, kabla chai yake haijapoa. Nilitegemea radi. Aliketi kwenye kigoda cha Mama, akaniomba nimsomee lile swali mpaka mwisho, polepole. Nikamsomea. Akasema mimi angalau nililisoma kabla ya kujibu hapana. Yeye, mwanawe alisimama mlangoni akamwomba atazame kwanza, na yeye akajibu hapana sentensi haijaisha. Akasema pia kwamba miaka yote alidhani ni kiburi kinachokuzuia usije, na sasa haelewi kiburi kilikuwa cha nani. Kaka, nilimwona akijifuta macho kwa uzi wa sufu.

Siku ya pili nilikwenda hospitalini kutengeneza flopi ya kuiwashia kompyuta, na siku ya tatu nilipika kiini upya, maswali yote, na Baba ndiye aliyekuwa karani. Miwani puani, anauliza tiki au msalaba kama mtu anayesimamia mtihani. Ningeweza kukipika kwenye kompyuta yangu ya kazini kwa dakika chache, lakini tulitaka kisubiriwe. Kilikoroma kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Hesabu, ndiyo. Usukani wa michezo, ndiyo. Cha zamani sikukifuta, kipya nilikiweka kwenye flopi. Kilipowaka, Jongoo akaitika kwenye namba tano, kitoroli cha uzi kikaenda na kurudi juu ya sindano, na Baba akaniambia nisipige kelele huku yeye mwenyewe akipiga kelele.

Mwalimu amekuja juzi, ameona, amefurahi, alitaka kuichukua jana. Baba amemkatalia. Amemwambia mashine ina kazi moja haijamaliza. Ameitafuta diski yenye zigizaga ya Mama, akachagua sufu ya buluu iliyokolea, akafungua ile programu uliyoiandika wewe. Kama unakumbuka, jambo la kwanza inalouliza ni upana wa kifua, na bila jibu haisogei. Kipimo chako alicho nacho Baba kichwani ni cha kijana wa miaka ishirini na miwili. Nikamwambia nitakuomba unitumie kwa barua. Akasema yeye hajawahi kumpima mtu kwa barua na hataanza uzeeni, na akaniagiza nisiizime kompyuta.

Basi inawaka tangu jana, swali liko pale kwenye skrini. Futi ya kupimia Baba ameivaa shingoni, anakula nayo.

Msalimie sana wifi, wabusu watoto, uwaambie shangazi yao ana kiti kinachoyumba anawawekea. Majirani wa zamani wote wanakuulizia. Nami nabaki kungoja hatua zako kwenye ngazi zile tatu.

Ni mimi mdogo wako,
Karani