Ubao wa Lishe na Kuungua kwa Mpiga Pasi

USHIRIKA WA WASHONAJI
KAMATI YA CHAKULA NA AFYA

Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichofanyika Jumatano, tarehe 14 Mei, katika chumba cha kulia cha karakana.

WALIOHUDHURIA
Mwenyekiti, ambaye ndiye msimamizi wa karakana
Mpishi
Mkataji wa vitambaa, shemeji yake mpiga pasi (amemuoa dada yake)
Mpiga pasi, ambaye yuko kwenye mapumziko ya ugonjwa lakini alikuja kwa hiari yake
Katibu, mshona vifungo

MWALIKWA
Mwandishi wa habari za afya gazetini, mtoto wa dada yake mpishi

ASIYEHUDHURIA
Mtunza stoo, kwa udhuru. Alituma ujumbe kwamba atakubali uamuzi wowote ilimradi mayai yarudi.

KUMB. NA. 4/1: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kilichelewa kuanza kwa sababu mafundi wawili hawakutaka kuhama mezani wakisema hawajashiba. Mwenyekiti alieleza kwamba wajumbe wameitwa ili kuzungumzia ajali ya Alhamisi iliyopita na habari za lishe zinazobandikwa ubaoni. Aliomba watu waongee kwa utulivu. Mkataji alijibu kuwa yeye ametulia tangu Alhamisi na sasa utulivu umemwisha.

KUMB. NA. 4/2: TAARIFA YA AJALI

Mpiga pasi aliombwa aeleze mwenyewe. Alieleza kwamba ana ugonjwa wa sukari na kila asubuhi humeza vidonge vya kuishusha. Aliposoma ubaoni kichwa cha habari kisemacho RUKA KIFUNGUA KINYWA UONGEZE UMRI, aliona huo ni ushauri usio na gharama, akaacha kunywa chai ya asubuhi. Vidonge aliendelea kumeza kama kawaida.

Siku chache za mwanzo alijisikia mwepesi, akadhani ndiyo dalili ya kupona. Alhamisi, akiwa anapiga pasi mashati ya shule, alianza kutokwa jasho na mikono ikatetemeka. "Niliona kola mbili kwenye shati moja," alisema. "Nikataka kucheka, magoti yakaniachia." Aliangukia meza, na mkono wake wa kushoto ukalala juu ya pasi yenye moto.

Katibu, ambaye meza yake iko karibu, ndiye aliyechomoa waya na kuuweka mkono huo chini ya bomba la maji. Mpishi alikuja mbio na maji ya sukari, akamnywesha alipoona anaweza kumeza. Hospitali walisema sukari ilishuka mno kwa sababu vidonge vilifanya kazi kwenye tumbo tupu. Daktari alimwambia kwamba kama angekuwa peke yake, huenda tusingekuwa naye leo.

Katibu aliuliza kama habari ya ugonjwa wake iandikwe. Mpiga pasi alisema iandikwe, maana wapo wengine humu ndani wanaomeza vidonge vile vile na hawasemi.

KUMB. NA. 4/3: HABARI YA KURUKA KIFUNGUA KINYWA

Mkataji alisema hakuna cha kujadili. Ubao ni wa mwenyekiti, gundi ni ya mwenyekiti, na aliyeungua ni shemeji yake. Aliuliza mwenyekiti amesomea wapi udaktari. Mwenyekiti alijibu kwamba hakuongeza neno hata moja kwenye habari ile. Aliikata gazetini na kuibandika kama ilivyo. Alikumbusha kuwa alianzisha ubao huo baada ya kumzika kaka yake, aliyeanguka kwa ugonjwa wa moyo akiwa na umri mdogo kuliko alio nao yeye sasa. "Hakuna aliyewahi kutuambia lolote pale nyumbani," alisema. "Nikasema hapa kwangu watu watasoma."

Mwandishi aliomba nafasi, akakunjua mezani gazeti zima la siku ile. Alionyesha kwamba habari ilianzia ukurasa wa mbele na kuendelea ndani. Aliisoma sehemu ya ndani kwa sauti. Ilieleza kwamba waliochunguzwa ni vijana wachache wenye afya, kwa muda mfupi, na kilichopimwa kwao ni uzito tu. Walioishi muda mrefu zaidi walikuwa panya wa maabara. Mwisho kabisa ilionya kwamba anayetumia dawa za sukari asijaribu jambo hili bila kumwona daktari.

Wajumbe walimgeukia mwenyekiti.

Mwenyekiti alisema ukurasa huo hajawahi kuuona. Gazeti alilikuta kwenye meza ya chai likiwa limebaki karatasi ya nje. Mpishi aliuliza, bila kumtazama mtu, karatasi ya ndani yenye habari za mpira huwa inakwenda wapi kila asubuhi.

Mkataji alikohoa. Alikiri kwamba huwa anaichukua yeye. "Sasa mimi ningejuaje kuwa nyuma ya mpira kuna sukari?" aliuliza. Wajumbe walicheka, kisha wakamwangalia mpiga pasi na bandeji yake, wakaacha. Mkataji aliomba maji ya kunywa akisema sauti imemkauka.

Mpiga pasi alimgeukia mwandishi, akataka kujua kwa nini onyo la kuokoa maisha ya mtu lifichwe ndani wakati panya amepewa ukurasa wa mbele. Mwandishi alieleza kwamba onyo aliliandika katika aya ya tatu. Mhariri alilisogeza ili picha ienee. Kichwa cha habari nacho si yeye aliyekitunga. Waandishi hupeleka habari, na ofisini wapo watu kazi yao ni vichwa, nao hutafuta neno la kumfanya mpita njia asimame.

Mpishi alimwambia, "Lakini jina lililo juu pale ni lako, mwanangu."

"Ni langu, Mama mdogo," mwandishi alijibu. "Ndiyo maana nimekuja." Alisema tayari amempelekea mhariri taarifa ya ajali hii na kumwomba onyo lichapishwe ukurasa wa mbele. Hajajibiwa. Mpiga pasi alisema amemsikia, ila hajamaliza kumkasirikia. Mwandishi alisema ni haki yake.

KUMB. NA. 4/4: KUONDOLEWA KWA MAYAI

Mpishi alilalamika kwamba jikoni hakukaliki. Wakati fulani ubao ulisema mayai yanaua, kamati ikayaondoa. Ukasema mafuta, akapunguza mafuta. Ukasema wali, akapunguza wali. Halafu ubao huo huo ukasema mafuta hayana neno. "Mimi napika kwa kuchungulia ubaoni kama mtu anayevuka barabara," alisema. Mafundi wanamaliza kula wakiwa bado wana njaa, na wakitoka jioni wananunua vitumbua na soda. Aliuliza kama kuna aliyechunguza hilo.

Mwenyekiti alijitetea kwamba habari ya mayai ilikuwa na takwimu: mlaji wa mayai mengi anaongeza hatari ya ugonjwa wa moyo kwa nusu. Nusu si jambo la mchezo. Mwandishi alimuuliza, "Nusu ya nini, mzee wangu?" Mwenyekiti alisema nusu ni nusu.

Mwandishi aliomba vifungo. Katibu alileta kopo lake na kuombwa kuhesabu mafungu mawili ya vifungo mia mia. Katika fungu la kwanza, la watu wasiokula mayai mengi, mwandishi aliweka vifungo viwili vyeusi na vilivyobaki vyeupe: hao wawili ndio waliougua katika miaka ya uchunguzi. Katika fungu la pili, la walaji wakubwa wa mayai, aliweka vyeusi vitatu. Kutoka wawili kufikia watatu ni kuongezeka kwa nusu, na gazeti halikudanganya. Lakini mtu akitazama meza anaona vyeupe vimejaa pande zote mbili.

Aliongeza kuwa watafiti wale waliwatazama watu tu, hawakuwapangia chakula. Huenda waliokula mayai mengi ndio pia waliovuta sigara zaidi au waliokaa bila mazoezi, kwa hiyo hata kile kifungo cha tatu hakijulikani kimeletwa na nini. Mkataji, ambaye sauti ilikuwa imemrudia, alisema laiti wangemwonyesha vifungo tangu mwanzo asingeyala mayai yake kwa kujificha nyuma ya marobota ya vitambaa.

Mwenyekiti aliinama juu ya meza akavitazama vifungo kwa muda mrefu. Alivuta kimoja cheusi kwa kidole. Aliuliza, "Na kaka yangu alikuwa yupi hapa?"

Mwandishi alisema hajui. Alisema hesabu hii inaweza kueleza habari za watu mia, haiwezi kumweleza mmoja wao kwa nini ni yeye. Mwenyekiti alisema amefahamu. Alikirudisha kifungo mahali pake.

Iliamuliwa kwamba mayai yarudi kwa kiasi cha kawaida, na mpishi apange chakula cha kushibisha chenye mboga, kunde na matunda kadiri sokoni kulivyo, bila kubadilishiwa kila ikitoka habari mpya. Wajumbe wote walikubali isipokuwa mwenyekiti, ambaye hakupiga kura.

KUMB. NA. 4/5: HATIMA YA UBAO NA YA MWENYEKITI

Mwenyekiti alitangaza kwamba atang'oa ubao leo hii na kujiuzulu. Mkataji alisema hata yeye hakutaka mambo yafike huko. Mwenyekiti alisema ameshaamua, na akaanza kufunga miwani yake kwenye kitambaa.

Mpiga pasi aliomba asikilizwe. Maneno yake yameandikwa hapa kama alivyoyasema:

"Mwenyekiti, mimi gazeti silijui. Magazeti nimeyafungia sabuni maisha yangu yote. Nilikuamini wewe. Wewe ndiye uliyenipeleka zahanati mara ya kwanza, nilipokuwa nakunywa maji ndoo nzima na kusema ni joto. Sasa ukiondoka nitamwamini nani, kundi la simu? Kule jana kuna mtu ameandika limau linatibu kila kitu, na watu wakamshukuru. Kaa hapo. Ila kuanzia leo usome mpaka mwisho."

Mwenyekiti aliirudisha miwani mezani. Mpishi alimsogezea chai.

Baada ya mjadala iliamuliwa kwamba ubao ubaki, na hakuna habari itakayobandikwa kabla ya wajumbe wawili kuisoma yote. Pembeni yake waandike kwa kalamu waliochunguzwa walikuwa nani, watu au wanyama, wangapi, na kama utafiti uligharimiwa na muuzaji wa bidhaa inayotajwa. Ikiwa habari inasema hatari imeongezeka, waandike imetoka ngapi ikafika ngapi. Ikiwa hawakupata majibu, waseme hawakuyapata. Mwenye kumeza dawa yoyote asibadilishe mlo kwa sababu ya ubao kabla ya kuuliza zahanati. Mkataji alichaguliwa kuwa msomaji wa pili. Alipinga. Kura zilimshinda.

Kujiuzulu kwa mwenyekiti hakukukubaliwa.

KUMB. NA. 4/6: MENGINEYO

Mpiga pasi atakaporudi kazini atakaa kwanza kwenye meza ya vifungo pamoja na katibu mpaka mkono upone. Katibu hana pingamizi. Meza ya pasi iwekewe kiti. Imeshangaza kwamba hakijawahi kuwepo.

Mafundi wote waonyeshwe dalili za sukari kushuka na la kufanya. Mwandishi alijitolea kuja na muuguzi wa zahanati.

KUMB. NA. 4/7: KUFUNGA KIKAO

Mpiga pasi aliomba ruhusa kwa kuwa muda wa kubadilisha bandeji ulikuwa umefika. Mwenyekiti alisimama, akasema atamsindikiza mpaka zahanati, na akamwomba mkataji afunge kikao kwa niaba yake. Mkataji alisema hapana, mwenye kikao akifunge mwenyewe, halafu waende wote watatu. Mwenyekiti alikifunga saa kumi kasoro robo.

Walipofika mlangoni mpiga pasi aliwasimamisha. Alisema hatoki hapa kwenda popote kabla hajala. Mpishi alikuwa ameshawasha jiko.


Mwenyekiti ................................

Katibu ................................