Yaqdhan, Picha Zako Hukuziandika Kitu Mgongoni

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu uliposinzia kwenye kiti chako cha barazani hapa Bawshar, Maskati, miwani puani na kioo cha kukuzia mkononi, usiamke tena. Wengine wakitimiza mwaka huandikiwa kwamba pengo lao halizibiki. Lako pia halizibiki. Lakini Khole, binti yako wa kwanza, amekataa tangazo hili litoke mpaka liseme na jambo jingine: kwamba umemchosha, umemtesa, na mpaka leo hajamaliza hasira zake na wewe.

Tuanze na wema, maana ulikuwa nao tele. Miaka ishirini na sita ulifanya kazi kwenye mtambo wa maji Ghubra na hukuwahi kumfokea mtu aliye chini yako. Kila Ijumaa uliwapakia garini akina dada wa Kitanzania waliokuwa wakingoja teksi juani, ukijidai unakwenda huko huko waendako, hata kama ni Wadi Kabir na wewe ulikuwa umetumwa mkate wa hapo nje tu. Mama alikuwa akingoja mkate saa nzima. Ukirudi ulicheka peke yako jikoni, na yeye alishindwa kukugombeza.

Ulipostaafu ukajipatia kazi isiyo na mshahara. Wazee wa Uingereza walikuletea kwa barua pepe picha za zamani za magari ya moshi, walizorithi au kuziokota mnadani, hazina jina wala mwaka. Walikuuliza mambo mawili: kichwa hiki kinachovuta gari ni kipi, na hapa ni wapi? Wewe, uliyekuwa huko huko Uingereza kijana wa reli, wa kuosha vichwa hivyo na baadaye kuvilisha makaa, ulikaa na picha moja tangu chai ya asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Uliangalia umbo la bomba la moshi, kivuli kilikoangukia, mkono wa ishara ya reli kama unapanda au unashuka. Kisha ulimwita Khole akuandikie jibu, na ulipatia karibu kila mara. Watu usiowajua walikushukuru kwa kuwaambia babu yao alisimama kwenye stesheni gani.

Na zako mwenyewe? Mkoba mzima wa ngozi, picha zaidi ya mia mbili, mgongoni nyeupe pepepe.

"Baba, ziandike basi," Khole alikuwa akikuambia.

"Kalamu inapenya, mwanangu. Itatokea mbele."

"Basi nambie mie, nitaandika daftarini."

"Inshallah kesho."

Kesho hiyo ilikwenda miaka kumi na minne.

Siku ya tatu ya azaa ya msiba wako, wageni walipopungua, dada yako Bibi Balqees alimshika Khole mkono. Ana miaka themanini na sita na hazungumzi sana siku hizi.

"Yaqdhan keshakwenda," alisema. "Sasa nani ataniambia Maan kalala wapi?"

Sote tulikuwa tunajua habari za Ami Maan kwa nusu. Ndugu yenu wa mwisho, alikufuata Uingereza akiwa na miaka kumi na saba, na Bibi Balqees ndiye aliyemfungia sanduku kule Unguja, akakuandikia kwamba anamtia mikononi mwako. Februari ya mwaka sitini na sita kifua kikamkamata, akafa. Barua yako ilifika Unguja na mistari minne: amefariki, amezikwa vyema, msilie sana. Mji hukuutaja. Katika miaka ile vituo vya vichwa vya moshi vilikuwa vikifungwa kimoja baada ya kimoja, nawe ulihamishwa miji mitano, kwa hiyo hakuna aliyejua kaburi liko katika upi. Dada yako akikuuliza, ulijibu, "Liko pazuri," na papo hapo ukaanza kusimulia breki za magari ya mizigo. Ungeweza kuzisimulia breki mpaka chakula kipoe.

Mama ndiye aliyetoa pa kuanzia. Alisema siku moja, mlipokuwa bado maharusi, ulimwonyesha picha moja ukamwambia, "Hii nilipiga tulipotoka kumzika Maan." Hukuongeza neno. Picha yenyewe ilikuwa imeliwa na unyevu, lakini filamu yake ilibaki, kipande kidogo cheusi ndani ya bahasha. Khole alikwenda Wadi Kabir akanunua skana ya mitumba, akaiweka filamu ile, na picha ikatokea: reli mbili sambamba, kichwa cha gari la moshi kinatujia kikifuka, ukuta wa mawe uliopinda, daraja, na nyuma yake bomba refu la kiwanda. Namba ya kichwa imefunikwa na masizi. Alifurahi akadhani kazi imekwisha kwa sababu baba yake alikuwa akijua mahali kwa vitu vichache kuliko hivyo.

Alikata uso wa kile kichwa peke yake, ukuta na daraja akavitupa pembeni kama takataka, akawapelekea wazee wako. Walimjibu kwa heshima kwamba vichwa vya aina ile vilitengenezwa kwa mamia na vilitembea nchi nzima. Akatafuta picha nyingine mkobani yenye namba inayosomeka. Wakamwambia kichwa kile kilikuwa cha kituo cha Ormsley. Khole akaiandikia Ormsley, ofisi ya makaburi, mara tatu, miezi miwili na nusu. Hakuna Maan. Ndipo mzee mmoja akamfahamisha kwamba Ormsley ni mahali kilipokuwa kikilala kichwa kile, wala si mahali kilipopigwa picha, kwani kazi yake ilikuwa ni kutembea. Wewe ungemwambia hilo siku ya kwanza huku unapuliza chai.

Basi akageukia mtandao. Kila akitoka kazini alilinganisha ile picha na madaraja ya Uingereza, moja moja, bomba la kiwanda likiwa kulia na ukuta ukipinda kushoto. Miezi saba, Baba. Aliacha kwenda kwa rafiki zake. Alimjibu vibaya Mama kwa ajili ya chumvi. Siku moja tulimsikia anaizomea picha yako ukutani, ile uliyovaa kilemba cha buluu: "Umewajibu watu wote! Mie mwanao tu ndiye usiyenijibu!" Halafu akaona haya, akaomba Mola akusamehe na yeye amsamehe. Wakati huo Bibi Balqees alikuwa amelazwa mara mbili kwa ajili ya moyo, na kila akirudi nyumbani aliuliza lile lile.

Mwezi wa Shaaban, baada ya alasiri, Khole aliitia picha kwenye televisheni ili shangazi yake aione kubwa. Bibi akaitazama, kikombe mkononi.

"Hili linatujia au linakwenda zake?"

"Linatujia, shangazi."

"Mbona liko kushoto kwetu?"

"Si ndipo pake? Mie kila siku nikenda kazini, gari zinazonijia ziko kushoto kwangu."

"Hapa Maskati!" Bibi aliweka kikombe. "Mie kule Unguja nikikaa mbele kwenye gari ya baba, kutoka mjini mpaka Bububu, zinotujia zote zikipita kulia. Na aliyetuwekea sharia ile ya kushika kushoto ni Mngereza. Leo kwao mwenyewe akende kinyume? Wallahi umeigeuza picha, mwanangu."

Khole alinyanyuka akaitazama filamu kwenye mwanga. Alikuwa ameiweka filamu upande sio. Kila kitu kilikuwa kimegeuka, ukuta, daraja, bomba, na yeye aliyezaliwa na kufundishwa kuendesha hapa Oman, pasipo reli ya abiria hata moja, hakuona lolote la ajabu. Miezi saba alikuwa akiitafuta Uingereza iliyopinduliwa. Akaigeuza, na safari hii akawapelekea wazee picha nzima, na takataka zake zote.

Jibu lilifika kabla ya magharibi. "Hapa ni Brackenholt. Ukuta huo ni wa makaburi ya mji, na mpiga picha amesimama ndani yake. Mbona hukutuletea ukuta tangu mwanzo? Baba yako alikuwa anaanza na ukuta siku zote." Khole aliifunga kompyuta kwa kishindo, akalia kwa hasira, hasa ya nafsi yake.

Kisha akarudi mkobani. Picha thelathini na moja zilikuwa na ukuta ule ule. Vichwa mbalimbali, vya abiria na vya mizigo, theluji, jua, mvua, na ukuta ni huo mmoja. Sote tulikuwa tukidhani ulikuwa ukienda kutazama magari ya moshi. Kumbe ulikuwa ukienda kwa ndugu yako, na magari yakipita.

Asubuhi yake alipiga simu. Mama mmoja wa ofisi ya makaburi, mpole sana, alifungua daftari akampata: Maan, miaka ishirini, safu ya kumi na moja, kando ya ukuta wa reli. Hakuna jiwe, alisema, kuna kigingi cha namba tu. Na ndani ya faili kuna barua tano zenye sahihi yako. Akamsomea ya mwisho, ya mwaka sabini na moja. Khole ametutafsiria hivi: "Ninahamia Maskati. Jiwe la ndugu yangu sijaweza kuliweka. Naomba kaburi lisipotee, nitarudi na jiwe. Dada yetu ananiuliza alipo, nami siwezi kumwambia kwamba nimemlaza bila jina katikati ya watu wenye majina."

Ndiyo hayo, Baba? Ndiyo hayo uliyotufichia kwa breki za magari ya mizigo?

Khole hakutaka kumsomea Bibi Balqees barua ile. Mama akasema atasomewa, amengoja vya kutosha. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, nasi tunaogopa moyo wake. Kisha akaja juu, na hatujapata kumsikia na sauti ile.

"Jiwe la jina? Kaburi la baba yetu lina jina? La mama lina jina? Na la Yaqdhan mwenyewe, tulipomlaza mwaka jana, mmeandika nini?"

Hatukuandika kitu. Wewe unalijua kaburi lako, Baba: jiwe moja tupu kichwani na moja miguuni, la kuokota wadini, kwenye bonde kavu, kama la kila mtu wetu. Tukija kukuzuru tunahesabu safu kutoka langoni.

"Miaka sitini!" alisema Bibi. "Miaka sitini ananiona mie nitamcheka kwa desturi yetu wenyewe! Angenambia, ningemwambia, umemzika kama tunavyozika. Tena umemzika vyema." Akajifunika uso kwa mtandio. "Mtoto wa watu kabeba mzigo wa bure mpaka kaburini."

Ulikuwa na miaka ishirini na mitatu, peke yako, na makaburi yote ya jirani yana majina yamechongwa. Hilo tunalielewa. Lakini ulipofika huku ukayaona ya kwenu, kwa nini hukufungua mdomo? Pengine ulikuwa umekwisha kunyamaza muda mrefu mno. Khole anasema hilo halitoshi, na hatumlazimishi.

Ofisi ya makaburi imekubali Maan awekewe mawe mawili tupu kama yako. Khole anasafiri wiki ya kwanza ya mwezi ujao. Bibi Balqees alijishindilia garini akaenda naye wadini kuchagua mwenyewe mawe mawili, akayakataa mengi kwa kuwa yalikuwa mazuri mno. Yamo kwenye sanduku, yamefungwa kwa kanzu yako ya nyumbani, na sanduku limezidi uzito.

Wanaokukumbuka ni mjane wako Kawthar, dada yako Balqees, watoto wako Khole, Aws na Noof, na mjukuu wako Aya. Bibi Balqees ameagiza iongezwe kwamba tangazo hili ni la ndugu wawili, kwa kuwa Maan hakupata lake. Msomaji uliye karibu na Brackenholt, pita umwombee dua. Safu ya kumi na moja, kando ya ukuta wa reli, ndipo alipolala ndugu yetu, na amezikwa vyema.

Siku zote utakuwa mioyoni mwetu, Baba, wewe na yeye.